ALIMWITA MUME WANGU "DU" MBELE YA ABIRIA AROBAINI

Mkono wa yule mwanamke ulitua begani kwa mume wangu...

Na hakuutoa!

Tuko kona ya kumi na nne. Upande huu mlima, upande ule bonde. Basi zima watu wanapiga picha ng'ombe. Na mimi, mke halali wa dereva, nimekaa mstari wa tatu, wigi jeusi kichwani, miwani ya jua usoni, nimeng'ata mkanda wa mkoba nisipige ukunga.

Nyie! Msinicheke. Ngoja niwape mkanda mzima.

Naitwa Burgi Lackner, miaka hamsini na minne. Mume wangu Korbinian ni dereva wa basi la watalii hapa Salzburg, mwaka wa thelathini na moja huu. Kazi yake ni safari ya nusu siku kwenda milimani. Saa tatu asubuhi wanaondoka, saa nane mchana wamerudi. Barabara ina kona ishirini na mbili na anaijua kama ngazi za nyumbani kwake.

Sasa kuna jambo moja la huku kwetu lazima mlielewe, la sivyo mtaniona mwehu.

Sisi tuna "wewe" mbili.

Kuna Sie. Hiyo ni wewe ya heshima. Ya bosi, ya daktari, ya jirani ambaye hamjazoeana.

Halafu kuna du. Hiyo ni wewe ya mtoto, ya ndugu, ya mume... ya kitandani.

Vijana wa siku hizi wanaitana du ovyo ovyo tu. Lakini Korbi wangu ni wa kizamani haswa. Fundi wa gari lake wamejuana miaka kumi na tisa, mpaka leo ni Sie! Waongoza watalii wote aliowahi kufanya nao kazi, Sie. Alikuwa anatamba kabisa.

"Kazini sina du na mtu, Burgi. Du yangu iko nyumbani."

Mimi nilikuwa naringa nayo hiyo. Mpaka mwezi wa sita, simu ya mezani ilipolia.

"Halo?"

"Korbi, ni wewe?"

Sauti ya mwanamke. Na hiyo "wewe" yenyewe... du!

"Nani mwenzangu?"

Akakata.

Nikajipa moyo, labda amekosea namba. Lakini akosee namba halafu apatie jina la mume wangu?

Ikaja ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kila mara Korbi hayupo, kila mara ni du, kila mara nikiuliza wewe nani, anakata.

Jamani, mimi si malaika. Nikaanza uchunguzi.

Simu yake nikaipekua. Safi. Safi mno! Mwanaume gani ana simu safi vile? Mashati nikayanusa moja moja kabla ya kufua. Dizeli na kahawa, basi. Mifukoni, pipi za kifua.

Lakini dalili zilikuwepo, jamani, zilikuwepo!

Alikuwa na alama nyeusi begani.

"Umepatwa na nini hapo?"

"Nimejigonga mlangoni."

Wiki iliyofuata, alama nyingine mkononi.

"Na hiyo?"

"Kabati."

Nikasema kimoyomoyo, hilo kabati lina meno?

Mezani akawa anapiga glasi kwa kiwiko, bia inamwagika, anabaki kuomba radhi kama mtu ambaye akili yake ameiacha kwa watu. Jioni hataki kushika usukani wa gari letu. "Endesha wewe, nimechoka." Amechoshwa na nani? Nikapita ubavuni kwake na gauni jipya la kijani, wala hakugeuka. Hata "mmh" hakuna!

Binti yetu Vroni akaniambia, "Mama, si umuulize tu?"

"Nimuulize? Tangu lini mwizi akaulizwa?"

Jumatano moja nikanunua tiketi. Basi la mume wangu mwenyewe, jina la uongo, wigi la kuazima kwa msusi wangu. Nikasema leo ndio leo, asemaye kesho muongo.

Nikafika kituoni mapema. Na huyo mwanamke nikamwona, mwongoza watalii wa basi lile, sauti ile ile ya kwenye simu.

Kibao cha jina kifuani kimeandikwa ZENZI. Miaka arobaini hivi, mwembamba, amevaa gauni letu la asili na aproni. Nikatazama fundo la aproni. Kwetu fundo ndilo linasema. Likifungwa kulia, mtu ana mume. Lake lilikuwa kushoto.

Yuko sokoni!

Nikapanda. Korbi ameshakaa kwenye usukani, uso mbele. Nikapita karibu naye kiasi cha kumpangusa kwa koti langu. Hakugeuka.

"Karibuni, karibuni," akasema, anaongea na kioo cha mbele.

Nikajipongeza. Wigi linafanya kazi yake.

Zenzi akahesabu watu, akainama kwenye sikio la mume wangu. Mimi masikio nimeyasimamisha.

"Arobaini kamili, Korbi. Uko tayari?"

Du. Mchana kweupe, hapo hapo mjini! 

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja kutoka Vienna, miaka themanini na ushee, mkoba wake umejaa matufaha. Akanipa moja.

"Kula, mama. Umepauka kama unakwenda kung'olewa jino."

"Nashukuru. Ni safari tu."

"Safari haipaushi hivyo. Ni mwanaume."

Nikalila lile tufaha kwa hasira.

Basi likaanza kupanda. Tulipopita kibao cha mita elfu moja, bibi akanishika mkono.

"Haya mwanangu, tumevuka elfu. Mambo ya Sie yabaki huko chini. Mimi naitwa Adelgunde. Wewe je?"

Ndiyo desturi yetu hiyo. Ukivuka mita elfu, hakuna Sie tena. Mlimani waziri na mchunga ng'ombe wote ni du. Hewa ni moja, kuteleza ni kumoja.

"Burgi," nikajibu. Nikajing'ata ulimi. Jina la kweli limenitoka!

Hapo hapo kipaza sauti kikakwaruza.

"Bwana Lackner," Zenzi akasema, sauti kavu kama karani wa serikali, "tafadhali mtupunguzie mwendo kidogo, wageni wapige picha."

Na akatumia Sie.

Nikashtuka. Mjini, mahali pa Sie, anamwita du. Huku juu, ambako hata mbuzi ni du, anamwita Sie?

Adelgunde akacheka chini chini.

"Wamegombana hao. Wapenzi wakinuniana ndiyo huanza ubwana na ubibi. Marehemu mume wangu nilimwita 'Bwana Mhandisi' wiki nzima kwa sababu ya mwanamke wa duka la maua."

Maneno hayo yalinichoma.

Korbi akapunguza mwendo. Tukakata kona, lori la magogo likatupita likishuka.

Kona iliyofuata, "Korbi, unaona lile kanisa?" Du. Basi likatembea.

Kona nyingine, "Bwana Lackner, taratibu tafadhali." Sie. Tukapunguza. Waendesha baiskeli wakapita.

Halafu ndio ule mkono. Kona ya kumi na nne, begani, bega la kulia, unapapasa mara mbili. Korbi akasogeza basi kushoto kidogo, wala hakumtazama yule mwanamke. Alitabasamu tu kwa mbele.

Nyie, machozi yalinitoka. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, mimi naangalia kichogo cha mume wangu kikimtabasamia mtu mwingine!

Kona ya kumi na tisa, mzee mmoja akasimama kumuuliza Zenzi kama juu kuna choo. Zenzi akageuka kumjibu. Sekunde mbili tu.

Basi halikupunguza.

"BWANA LACKNER! SIE! SIE!"

Breki zilipiga kelele ya kutoboa masikio. Matufaha ya Adelgunde yakabingirika mpaka mbele. Trekta la nyasi likatupita pembeni, kati yetu na lenyewe huwezi kupitisha kiganja.

Halafu abiria wakapiga makofi! Walidhani ni vionjo vya safari!

Lakini mimi nilimwona Zenzi kwenye kioo. Analia.

Nikasema moyoni, analilia nini huyu? Ameachwa?

Juu kabisa kuna nyumba ya wageni, mita elfu moja mia saba. Mapumziko nusu saa. Watu wote mbio kwenye meza za nje, kuagiza ile chapati yetu tamu iliyochanwachanwa na mchuzi wa plamu. Mimi nikaagiza mtindi, kikombe kikubwa. Si wa kunywa. Nilitaka mikono iwe na kazi.

Nikawaona wanazunguka nyuma ya nyumba. Wawili. Peke yao. Zenzi amemshika mkono!

Nikawafuata. Nikajibanza kwenye kuni zilizopangwa ukutani.

"Siwezi tena, Korbi," Zenzi analia. "Leo nusura."

"Wiki tatu tu. Msimu uishe."

"Mwambie mkeo!"

"Burgi? Burgi asijue kabisa. Akijua, nimekwisha."

Hapo sikuweza. Nilitoka kwenye zile kuni kama nyuki.

"NIMESHAJUA!"

Mtindi wote nikaumwaga kichwani kwa Zenzi. Kikombe kizima! Wigi nikalivua, nikalitupa chini.

"Nimeshajua, mbwa wewe! Miaka ishirini na tisa nakupikia, nakufulia, kumbe du yangu unaigawa kwenye kona za milimani?"

Zenzi hakupiga kelele. Hakujitetea. Alisimama tu, mtindi unamchuruzika puani, ananiangalia kama mtu aliyetua mzigo.

Na Korbi...

Korbi alikuwa anageuza kichwa. Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

"Burgi? Burgi, uko wapi?"

Niko hapa. Hatua moja kutoka begani kwake.

"Acha maigizo, Korbi."

"Burgi, sogea mbele. Sogea mbele yangu."

Nikainua mkono pembeni ya sikio lake. Hakupepesa. Nikautikisa. Hakupepesa! Nikausogeza polepole kuelekea usoni, mpaka ulipofika karibu kabisa na pua ndipo akashtuka kama nimemtisha.



"Tangu lini?" nikauliza. 

"Mwezi wa kwanza. Katikati naona vizuri, Burgi, nakuapia. Pembeni ndiyo hakuna kitu. Kama naangalia kwenye bomba."

Zenzi akajifuta macho kwa aproni.

"Nikimpapasa bega la kulia, kuna kitu kulia," akasema. "Nikimwita Bwana Lackner kwa Sie, apunguze. Nikimwita Korbi kwa du, njia nyeupe. Tulichagua Sie kwa sababu huku juu hakuna anayeitumia. Haiwezi kumpita."

"Kwa hiyo hilo basi linaendeshwa na nani?"

 Nilikuwa nimekuja kufumania mchepuko, jamani. Mchepuko ningeuweza! Nilikuwa na matusi yake tayari. Hili sikuwa nalo neno.

Kengele ya chakula ikalia upande wa mbele. Korbi akajinyoosha, akaweka sawa koti.

"Niwashushe hawa. Kesho tutaongea, tutakwenda kwa daktari, unavyotaka wewe."

"Huendeshi."

"Burgi, ni kona ishirini na mbili tu."

"Huendeshi!"

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake, ubavu wa kulia. Nikanyoosha mkono, nikauchomoa taratibu huku ananiangalia usoni. Hakuona.

Alipopapasa na kuukosa, uso wake ukabadilika.

"Nipe."

"Sikupi."

"Nipe, mke wangu! Miaka thelathini na moja sijakwaruza hata kioo cha pembeni. Nisipoendesha, mimi ni nani? Mzee wa kukaa dirishani? Wataniuliza tangu lini, watanivua kofia ya udereva mbele ya watu... Unataka wanivue kofia?"

Alikuwa anatetemeka. Sijawahi kumwona mume wangu anatetemeka, hata siku tulipomzika mama yake. Na mimi nilimpenda pale kuliko siku ya harusi yetu. Ningeweza kumpa. Nasema ukweli, kidole kimoja kilikuwa kimeshalegea.

"Mstari wa tatu kuna bibi wa miaka themanini," nikamwambia. "Amenipa tufaha. Unataka kumtupa bondeni kwa ajili ya kofia?"



Korbi akazunguka nyumba, mkono ukutani, mpaka kwenye basi. Akapanda. Sisi nyuma yake. Abiria walipokwisha kukaa, akachukua kipaza sauti yeye mwenyewe.

"Mabibi na mabwana. Dereva wenu haoni vizuri. Nilijua, nikawapandisha hivyo hivyo. Naomba mnisamehe. Anakuja dereva mwingine."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa choo alisimama, akamtukana mpaka mate yakamruka. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe akaanza kulia. Korbi alisimama pale, akayapokea yote. Hakukimbia.

Adelgunde peke yake ndiye aliyemshika mkono akishuka.

"Umekosa sana, mwanangu," akamwambia. "Ila umesema mwenyewe. Sasa njoo ukae, tuagize chapati nyingine."

Safari ya nusu siku ikawa ya siku nzima. Dereva mpya alifika saa tisa alasiri. Korbi akakaa kiti cha nyuma kabisa, kofia mapajani. Mimi nikakaa na Zenzi, nywele zake zimegandiana kwa mtindi.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikutukana moyoni miezi miwili."

"Najua."

"Unajuaje?"

Akaangalia nje.

"Zile simu za nyumbani... nilizipiga makusudi, dada Burgi. Nilikuwa najua Korbi hayupo. Nilikuwa naye stendi, namwona."

"Unasemaje wewe?!"

"Aliniapisha. Nilipoanza kazi hii hakuna dereva aliyenitaka, yeye ndiye aliyenishika mkono. Akaniapisha nisimwambie mtu neno kuhusu macho yake. Wewe hasa. Kwa hiyo sikukwambia kitu. Nilikwambia du tu."



"Si ungesema anaumwa?"

"Ningesema anaumwa, ungemtafutia miadi ya daktari mwezi ujao. Nikisema ana mwanamke..." akatabasamu kidogo, "nilijua utapanda mlima mwenyewe. Sikutegemea mtindi tu."

"Na kwa nini hukumshitaki kwa bosi?"

Hapo hakutabasamu.

"Nilipaswa. Kila asubuhi nilipaswa. Hilo usinisamehe."

Nyie, nimefika mwisho.

Kesho yake Korbi alirudisha leseni yake mwenyewe. Daktari akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kimekwisha, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone. Kampuni ikamwachisha kazi. Zenzi naye akafukuzwa kazi. Nikipima naona ni haki, halafu nalia, kwa sababu bila yeye sijui basi lile lingekuwa wapi leo.

Usiku ule wa safari sikumgombeza mume wangu. Nilimuuliza kitu kimoja tu, tukiwa jikoni.

"Kwa nini hukuniambia mimi, Korbi? Mimi ndiyo du yako."

Akageuza kichwa mpaka akanipata katikati.

"Nilikuona unanusa mashati yangu, Burgi. Nilikuona unapekua simu. Miezi nimekaa hapa nagonga makabati mbele yako, nikawa nangoja unyanyue kichwa uniangalie."

 

Simu za waume zenu pekueni, mimi ni nani niwakataze. Ila ukishamaliza kupekua, mwangalie na mwenye simu.